Uzi: Kwa nini mbunifu wa tovuti hushindwa kumaliza tovuti yake mwenyewe?

Msanifu wa Loleza (mleta mada), Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo sisi wabunifu wa Nyanda za Juu Kusini hulitaja kwa utani tunapokutana, kisha tukaliacha hapohapo. Hapa Mbeya, na vivyo hivyo Iringa, Njombe na Songwe, wapo wabunifu wa michoro na tovuti ambao wamewafanyia wengine kazi zinazoonekana: tovuti ya chama cha akiba na mikopo, ya shule ya bweni, ya nyumba ya wageni iliyo njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ya msafirishaji wa parachichi wa Rungwe. Zote zinafunguka na zinaleta simu. Ukiandika anwani yenye jina la mbunifu mwenyewe, unakutana na ukurasa mweupe usemao "Tunakuja hivi karibuni", na hivi karibuni hiyo tayari ina umri wa mtoto wa darasa la pili.

Sababu inayotolewa kwanza ni ukosefu wa muda. Siikubali. Mtu asiye na muda hana matoleo kadhaa ya ukurasa wake wa mwanzo ndani ya Figma, programu ya kuchorea sura za tovuti, kila moja likiwa na fonti zake, rangi zake na jina la faili linaloishia na "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli". Muda upo na unatumika, ila unatumika kuanza upya. Sababu ya pili ni kwamba tuna viwango vya juu mno. Hii ina nusu ya ukweli, kwa kuwa viwango hivyohivyo havituzuii kukabidhi kazi ya mteja Ijumaa saa kumi jioni kama tulivyoahidi.

Ninavyoona mimi, kinachokosekana ni mteja. Huyu mteja tunayemlalamikia kila siku, anayetaka nembo iongezwe ukubwa na kijani kiwe "cha kuchangamka kidogo", anafanya kazi kubwa ambayo hatujawahi kumshukuru. Ndiye anayesema biashara yake ni ipi na si ipi. Ndiye anayeleta maneno na picha, hata kama maneno yenyewe ni ujumbe wa sauti uliorekodiwa ndani ya basi. Ndiye anayeweka kiwango cha fedha kinachotulazimisha kuacha mapambo, anayetaja siku ya uzinduzi kwa sababu mgeni rasmi ameshaalikwa, na mwishoni ndiye anayesema imetosha. Usanifu ni kuamua ndani ya mipaka. Mtu anayejitengenezea tovuti yake hana aliyemwekea mipaka, kwa hiyo kila uamuzi anaoufanya asubuhi anaweza kuutengua jioni bila kumwomba mtu radhi.

Juu ya hayo, mahali pa mteja huyo hapabaki patupu. Panakaliwa na wabunifu wenzetu. Tunashinda Behance na Dribbble, mitandao ya wabunifu kuonyeshana kazi, tukitazama kazi za watu wa Berlin na Tokyo, na bila kujitambua tunaanza kuisanifu tovuti yetu ili mbunifu mwingine atikise kichwa kwa kuridhika. Mbunifu huyo hatatupa kazi. Atakayetupa kazi ni mwenye karakana ya mbao Mafinga ambaye ametumiwa kiungo kwa WhatsApp na shemeji yake, akakifungua juani kwa simu ya bei ya kawaida, huku akitazama bando lake linavyopungua. Mtu huyu anataka kujua kama umewahi kufanya kazi inayofanana na yake, utaifanyaje, italipwaje, na akikutafuta atakupata wapi. Majibu ya maswali hayo hayahitaji picha inayoelea wala herufi zinazoingia moja moja kutoka pembeni.

Kwa sababu hiyo ninapendekeza tugeuze mpangilio wa kazi. Wengi wetu tunaanza na sura: tunachagua fonti, kisha rangi, kisha mpangilio wa gridi, halafu tunatafuta maneno ya kujaza nafasi zilizobaki, na kwa kuwa hatuna maneno tunaweka "Mbunifu mwenye shauku ya kutatua changamoto kwa njia za kisasa", sentensi ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote wa mji wowote. Aanzaye na maneno anaandika kwanza barua kwa mteja mmoja anayemjua kwa sura, barua ya kawaida isiyo na pambo, akimweleza anachofanya na asichofanya. Barua ile ikikamilika, kurasa zinajigawa zenyewe na nusu ya maamuzi ya usanifu yanakuwa yameshafanyika.

Wavuti wenyewe ulianza hivyo. Tim Berners-Lee, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, aliifungulia umma tovuti ya kwanza mwaka 1991, nayo ilikuwa maneno na viungo vilivyoeleza mradi huo ni wa nini na mtu aufuatilieje. CERN iliirejesha kwenye anwani yake ya asili mwaka 2013, na hadi leo kivinjari chochote kinaifungua. Ukipunguza upana wa dirisha, maneno yanajipanga upya yenyewe. Sisemi turudi huko. Ninasema kwamba tovuti ya mtu binafsi ina mengi ya kujifunza kutoka kwa ukurasa uliojua unamwambia nani na nini.

Ninaomba maoni yenu, hasa ya wale ambao tovuti zao ziko hewani na zinaleta kazi.

Stika na Mabango, Mwanjelwa

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho, lakini swali uliloliruka ni kama tovuti yenyewe inahitajika. Mimi nachapa stika, mabango, fulana na kadi za harusi. Mteja wangu ananiona kwenye hali (status) ya WhatsApp, anapiga simu, anafika dukani, anaketi kando yangu akielekeza mpaka kazi imalizike. Kinyozi hajinyoi, na wateja hawajaacha kuingia kibandani kwake kwa sababu hiyo. Muda ambao ningetumia kujijengea tovuti nitautumia kusafisha mashine.

Msanifu wa Loleza (mleta mada), Mbeya

Ndugu yangu wa Mwanjelwa, kwa biashara ya aina yako nakubaliana nawe kabisa, na sitamshauri mtu mwenye foleni mlangoni akatafute foleni nyingine. Kazi inayokuja kaunta haihitaji tovuti.

Tofauti inaanza pale kazi inapotoka mbali au inapopita mikononi mwa kamati. Mhasibu wa shirika lililoko Songea au Dodoma hawezi kuiweka hali yako ya WhatsApp kwenye jalada. Inadumu saa 24 kisha inatoweka. Anahitaji kiungo cha kumtumia bosi wake, na kiungo hicho kiendelee kufunguka kikao kitakapoahirishwa hadi mwezi ujao. Jambo jingine ni umiliki. Akaunti ya mtandao wa kijamii ikifungwa au ikiibwa, kazi zote ulizoziweka humo huondoka nayo, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika iliyo karibu na Kabwe. Jina la tovuti ukilisajili kwa jina lako na kulilipia kila mwaka, unaweza kuhamisha seva (kompyuta inayoihifadhi tovuti), ukabadilisha kila kitu nyuma yake, na anwani iliyochapwa kwenye kadi yako ikabaki ileile.

Kuhusu kinyozi: yeye hajinyoi kwa sababu haoni kisogo chake, ila kuna kinyozi mwenzake mtaa wa pili ambaye anamkalia kitini bila aibu. Sisi hatuendi kwa mwenzetu. Labda hapo ndipo tatizo letu lilipo.

Fundi wa Misimbo, Uyole

Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa kuwa wabunifu wengi waliosoma michoro wanakwama hapa na kudhani wamekwama kwenye ubunifu.

Kwanza, marekebisho madogo kwa mleta mada. Ukurasa usio na mapambo hujipanga vizuri kwenye dirisha la kompyuta, lakini kwenye simu kivinjari huudhania kuwa ni ukurasa mpana wa kompyuta na kuubana mpaka herufi zinakuwa kama sisimizi, isipokuwa umeweka mstari mmoja wa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) unaoitwa "viewport" unaokiambia kifuate upana wa simu. Mstari huo ukikosekana, kazi yote ya CSS (lugha ya kupanga sura ya ukurasa) inapotea bure. Usanifu unaojibadili kulingana na skrini ulipewa jina na mbunifu wa wavuti Ethan Marcotte mwezi Mei 2010, kwa hiyo mwaka huu hatuna kisingizio cha kuwa na tovuti ambayo mtu anaisoma kwa kuvutavuta vidole.

Pili, uzito. Picha inayotoka kwenye kamera ya simu huweza kuwa na megabaiti 4. Weka ishirini za namna hiyo kwenye ukurasa wa kazi zako, umempakulia mgeni megabaiti 80 kabla hajajua jina lako. Punguza upana wa kila picha hadi pikseli 1,200 au 1,600, ihifadhi kwa muundo wa WebP ambao Google waliutangaza mwaka 2010 na ambao kwa maelezo yao hupunguza kati ya robo na theluthi ya uzito wa JPEG, muundo wa kawaida wa picha, na mara nyingi utabaki na kilobaiti 150 au pungufu kwa picha moja. Ishirini hizo sasa ni megabaiti 3. Kisha weka maelekezo ya kuchelewesha picha zilizo chini, ili zipakuliwe tu msomaji anapozifikia. Kwenye CSS au JavaScript (lugha ya kuupa ukurasa vitendo) hakuna ujanja utakaokupa faida kubwa kuliko hii, na inachukua jioni moja, ikiwa umeme haukukatika.

Fonti nazo zina bei. Kila unene wa fonti ni faili lake, na mbunifu anayetaka nyembamba, ya kawaida, nene na nene zaidi, pamoja na mlalo wa kila moja, anampakulia mgeni mafaili manane. Bahati nzuri Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama juu wala chini, kwa hiyo unaweza kuikata fonti ibaki na herufi za msingi za Kilatini, tarakimu na alama za uandishi, nayo ikapungua sana. Ila kabla ya kuikata, ijaribu kwa neno "ng'ombe" na jina la mahali kama "Mang'ula". Fonti nyingi nzuri huacha pengo baya kuzunguka alama hiyo ya ritifaa ('), na wabunifu wanaochagua fonti kwa kutazama sentensi za Kiingereza hawalioni mpaka siku ya kuchapa.

Tatu, kijivu. Sijui nani alitufundisha kwamba maandishi ya kisasa lazima yawe ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijivu chenye msimbo #999999 juu ya nyeupe kinatoa takribani 2.8 tu, #767676 ndicho kinachovuka mstari kwa shida. Anayedhani hizi ni namba za wataalamu tu, asimame saa sita mchana stendi ya Nane Nane na asome tovuti yake mwenyewe.

Mwisho, tovuti ya kurasa tatu haihitaji hifadhidata. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ni chombo kizuri kwa mteja anayetaka kuandika habari mpya kila wiki bila kumwita fundi, lakini inataka kusasishwa pamoja na viongezi vyake, na aliyeiacha bila kuitazama hukuta siku moja inatangaza kamari. Kwa kazi zako mwenyewe, mafaili ya HTML na CSS peke yake yanatosha, na zipo huduma kama GitHub Pages zinazoyahifadhi bure. Yatafunguka miaka mingi ijayo. Waliojenga tovuti zao nzima kwa Flash, teknolojia ya zamani ya michoro inayotembea, miaka ya 2000, na walikuwa wabunifu hodari kuliko wengi wetu, walishuhudia kampuni ya Adobe ikiacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020 na vivinjari vikiiondoa.

Mwanafunzi wa Iyunga

Shikamooni wakubwa. Mimi tatizo langu ni jingine: ninasoma, sina mteja wa kweli, na tovuti yangu haina cha kuonyesha zaidi ya kazi za darasani. Nimeona wengine wanachukua nembo ya kampuni kubwa ya soda au ya simu, wanaibuni upya na kuiweka kama kazi yao. Je, nami nifanye hivyo?

Gangilonga, Iringa

Kamwene wakuu. Marahaba, mdogo wangu wa Iyunga, naomba nianze na lako.

Zoezi si aibu, mradi uliandike kuwa ni zoezi, kwa maneno yanayoonekana juu ya ukurasa na si kwa herufi ndogo chini. Anayemwachia msomaji aamini kwamba kampuni ya simu ilimwajiri, siku ya mahojiano ataulizwa alifanya kazi na nani pale ofisini. Lakini hata kama zoezi ni halali, mimi ningekushauri uziache kampuni kubwa. Nembo ya soda imeshashughulikiwa na watu wenye bajeti ambayo wewe na mimi hatutaiona, na wewe hujui ni tatizo gani walikuwa wanalitatua. Chukua tatizo unalolipita kila siku. Pale stendi ya Kabwe mgeni anajuaje daladala ipi inakwenda Uyole na ipi inakwenda Mbalizi? Chora vibao, vichapishe kwa karatasi ya kawaida, muulize kondakta na muulize mgeni, andika walichokwambia na ulichobadilisha. Kazi hiyo moja, ikielezwa vizuri, inamwambia mwajiri mengi kuliko nembo kumi za soda.

Hapo ndipo ninapotaka kumjibu mleta mada. Amesema tuanze na maneno, nami nakubali, ila maneno magumu zaidi si yale ya "mimi ni nani". Magumu ni yale ya kueleza kazi moja moja. Tumezoea kuweka picha ya bidhaa ikiwa imepangwa juu ya meza ya marumaru ambayo haipo, pamoja na kivuli cha jani la mnazi ambalo Iringa halioti, tukidhani picha imejieleza. Haijajieleza. Chukua mfano wa mfuko wa kahawa ya Mbozi uliochapwa kwa rangi mbili. Mtazamaji anaweza kudhani mbunifu alikosa mawazo, kumbe katika uchapaji wa skrini kila rangi inataka skrini yake na mkono wake wa kazi, na ushirika ulikuwa na fedha za rangi mbili. Kuamua ni nini kibebwe na rangi hizo mbili ndiyo kazi yenyewe, na usipoiandika hakuna atakayeiona. Aya moja inatosha: walikuja na nini, kikwazo kilikuwa kipi, uliamua nini, kikatokea nini. Kama hujui kilichotokea, mpigie simu mteja wako wa zamani umuulize. Mara nyingine simu hiyo inarudi na kazi.

Jambo ambalo sijaona likiguswa hapa ni taarifa za watu. Wengi wetu tunaweka kadi za michango ya harusi kwenye mkusanyiko wetu wa kazi, na kadi hizo zina majina ya maharusi, wazazi, mweka hazina wa kamati na namba za simu za kupokelea fedha. Kadi ilitengenezwa kwa ajili ya ndugu na jamaa. Tovuti inasomwa na yeyote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, adabu ingetosha. Badilisha majina na uondoe namba kabla ya kuiweka, au omba ruhusa kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa fomu ya mawasiliano: ukimtaka mgeni aandike jina, simu na barua pepe, umekuwa mtunza taarifa zake. Namba yako ya simu inayobonyezeka inatosha, na watu wa huku wanapendelea kupiga.

Na kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au mkiwa watu watatu, iseme hivyo. Mwanahabari akiandika habari na mwenzake hutia majina mawili. Sisi tunatia la kwetu tu.

Chai ya Mufindi, Mafinga

Mada nzuri. Ninauliza kuhusu lugha. Tovuti yangu niliiandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo wote wanavyofanya, na watu wa viwanda vya mbao wanaofungua wananipigia kuniuliza yaleyale yaliyoandikwa humo. Nikiiandika kwa Kiswahili, je, wenye mashamba makubwa ya chai na wawekezaji hawataniona wa mtaani?

Msanifu wa Loleza (mleta mada), Mbeya

Umejijibu, mkuu. Kama wanaokupigia ni watu wa mbao, tovuti ni yao.

Sisemi kila mtu aandike kwa Kiswahili. Mbunifu anayetafuta kazi za hoteli za kitalii za ukanda wa Ruaha au za wasafirishaji wa parachichi wanaouza Ulaya ana sababu ya kuandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mteja wake atamwonyesha mnunuzi wa nje. Lakini kuandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo tovuti zinavyoonekana ni uamuzi wa sura tena, uleule tunaoulalamikia. Ukiamua Kiswahili, sanifu kwa Kiswahili tangu mwanzo. Vitufe vyetu ni virefu. "Wasiliana nami kwa WhatsApp" haitaingia kwenye kisanduku kilichochorwa kwa neno fupi la lugha nyingine, na violezo vingi vinavyouzwa mtandaoni huvunjika hapo. Usisahau pia kuweka kwenye HTML alama ya "sw" inayosema ukurasa ni wa Kiswahili. Bila alama hiyo programu za kuwasomea wasioona zinaweza kuyatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na ukiisikia utacheka, kisha utaona aibu.

Lugha mbili kwa pamoja mimi siziungi mkono kwa mtu mmoja. Ni kazi maradufu kila unapoongeza mradi, na upande mmoja hubaki nyuma.

Gangilonga, Iringa

Hapo tunapishana. Ukurasa wa "Mimi ni nani na nakupatia nini" unaweza kuwa na lugha mbili bila kuumiza, maana haubadiliki mara kwa mara. Kazi zenyewe ndizo zibaki katika lugha moja.

Stika na Mabango, Mwanjelwa

Na bei? Mtaziweka? Maana nikiweka bei ya bango, jirani yangu anapunguza shilingi mia tano siku hiyohiyo.

Fundi wa Misimbo, Uyole

Bei ya bango usiweke. Bei ya kuanzia ya tovuti iwekwe. Inakupunguzia wale wanaotaka tovuti nzima kwa fedha ya vocha.

Mwanafunzi wa Iyunga

Asanteni sana. Nitaanza na vibao vya Kabwe. Kuhusu jina la tovuti, nichukue lipi? Naona yapo yanayoishia .co.tz na mengine mengi.

Fundi wa Misimbo, Uyole

Chini ya .tz ipo .co.tz kwa biashara na ipo .me.tz kwa ajili ya watu binafsi, na hii ya pili wengi hawaijui, ndiyo maana majina mafupi bado yanapatikana. Sajili kwa wakala aliyeidhinishwa, na hakikisha umesajiliwa wewe kama mmiliki, kwa barua pepe yako wewe, si ya rafiki aliyekulipia. Lililobaki ni kukumbuka tarehe ya kulipia tena. Na lichague jina litakaloweza kutamkwa kwenye simu bila kulitaja herufi kwa herufi.

Gangilonga, Iringa

Msanifu, nimerudi kusoma mada yako tangu juu. Umesema kinachokosekana ni mteja, na ulipomjibu mwenzetu wa Mwanjelwa ukasema sisi hatuendi kwa mwenzetu. Basi mteja apatikane. Mimi nina tovuti isiyokwisha na wewe unayo. Nipe kazi ya kuwa mteja wako: nitakuhoji, nitakuandikia muhtasari wa kazi wa ukurasa mmoja, nitachagua mimi ni miradi ipi iingie na ipi iachwe, na nitataja siku ya kukabidhi. Wewe nifanyie vivyo hivyo. Mwenye tovuti haruhusiwi kuongeza kitu ambacho mteja hakukiomba.

Msanifu wa Loleza (mleta mada), Mbeya

Ndaga fijo, dada. Nakubali, ila tuwekeane masharti kabla ya kuanza, kwa kuwa tunajuana. Rangi na fonti nitaamua mimi kwenye yangu, na wewe kwenye yako. Mteja anaruhusiwa kusema haisomeki, haruhusiwi kusema haipendi. Miradi isizidi mitano. Hakuna toleo la pili la ukurasa wa mwanzo. Kuhojiana kufanyike ana kwa ana, maana kwa simu tutaishia kuzungumzia watoto. Makambako iko katikati ya njia kwetu sote. Tukutane pale Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mmoja na nauli yake.

Gangilonga, Iringa

Makambako sawa, lakini tukutane mapema, baridi ya jioni ya pale siiwezi. Na advansi?

Msanifu wa Loleza (mleta mada), Mbeya

Iwepo. Kila mmoja ampe mwenzake fedha ambayo itamuuma kuipoteza, na atakayechelewa kukabidhi harudishiwi.

Gangilonga, Iringa

Nimekubali. Masahihisho awamu mbili. Ya tatu inalipiwa.

Chai ya Mufindi, Mafinga

Dada wa Gangilonga, ukipita Mafinga kwenda huko nishtue. Mimi sina wa kubadilishana naye, na ile ya Kiingereza nimeishaizima tangu jana.